Goti kwa Kidole: Mwongozo kwa Mtu wa Kasumulu

Kaa ukingoni mwa kitanda au kwenye kiti kirefu, pandisha suruali au kitenge hadi juu ya goti, uache miguu ining'inie. Mwongozo huu husomwa kwa vidole zaidi ya macho, na utahitaji goti lako mwenyewe kando ya maandishi.

Kasumulu hutumikisha magoti. Kuna anayepakia na kupakua magunia kwenye malori yanayosubiri kuvuka. Kuna kijana wa baiskeli anayevusha mizigo daraja la Mto Songwe kwenda upande wa Malawi na kurudi. Kuna mama anayeshinda kwenye mpunga, tope likimfika juu ya vifundo, na babu anayechuchumaa kupasua kakao. Jioni vijana hucheza mpira kwenye uwanja ambao mvua imeuchimba mashimo. Wote hawa, siku goti likigoma, hufika zahanati na sentensi moja tu: "Daktari, magoti yananisumbua." Daktari mwenye foleni ndefu humwandikia dawa ya maumivu, na wala simlaumu sana. Goti lina sehemu nyingi zinazoweza kuuma, kila moja mahali pake na kwa namna yake. Ukiweza kumwonyesha kwa kidole kimoja panapouma, ukamweleza pameuma lini na ulikuwa ukifanya nini, umemfanyia nusu ya kazi yake.

Anza na unachoweza kushika

Nyoosha mguu mmoja juu ya kitanda, ulegeze paja kabisa. Mfupa wa mviringo ulio mbele ni pia ya goti, ambayo vitabu vya shule huiita kilegesambwa. Isukume kwa kidole gumba kushoto na kulia, utaona inateleza. Sasa kaza paja: pia inapanda kidogo na kutulia, haisukumiki tena. Ina maana kwamba pia haikushikamana na mfupa wowote. Imezamishwa ndani ya kano nene ya msuli wa mbele wa paja, na kazi yake ni kuisogeza kano hiyo mbele ya goti ili msuli upate nguvu zaidi ya kunyoosha mguu. Mtoto mchanga huzaliwa na pia ya gegedu tupu. Mfupa huanza kuota ndani yake kati ya miaka 3 na 6 hivi. Kwa hiyo usishtuke picha ya eksirei ya mtoto wa miaka 2 ikionyesha goti lisilo na pia.

Shuka chini ya pia. Kidole kitapita juu ya kano ngumu, upana wake unazidi kidogo kidole gumba, kisha kitafika kwenye kinundu cha mfupa juu ya muundi. Hapo ndipo nguvu yote ya paja inapojifunga. Kwa mvulana au msichana wa miaka 10 hadi 15 anayekua kwa kasi na kucheza mpira kila jioni, kinundu hiki huweza kuvimba na kuuma kwa miezi. Ni mfupa unaokua ukivutwa na kano. Si kansa wala hakuna aliyemroga. Apunguze kukimbia na kuruka mpaka maumivu yapungue. Ukuaji ukiisha, tatizo huisha, ingawa kinundu chenyewe kinaweza kubaki kikubwa maisha yake yote.

Sasa kunja goti mpaka paja na mguu vifanye pembe ya mraba. Kandokando ya kano uliyoipapasa utaona vibonde viwili laini. Ingiza kidole kwenye kibonde cha ndani na ukiburute kuelekea ndani ya mguu, kisha rudia upande wa nje. Huo mfereji mwembamba unaousikia ndio mstari wa goti, mahali mfupa wa paja unapokalia mfupa wa muundi. Ukumbuke mahali ulipo, maana nitarudi hapo mara nyingi.

Upande wa nje, chini kidogo ya mstari huo, kuna kinundu kingine. Ni kichwa cha fibula, ule mfupa mwembamba unaosindikiza muundi. Fibula haiingii ndani ya goti na haibebi uzito wa paja, lakini paheshimu mahali hapo. Nyuma na chini kidogo ya kichwa hicho mshipa wa fahamu unazunguka mfupa ukiwa umefunikwa na ngozi na nyama kidogo tu. Bandeji iliyokazwa mno, plasta iliyofungwa vibaya au kamba ya kufungia banzi ikiubana, unyayo huanguka na mtu hawezi tena kuunyanyua mbele. Nimeona watu wakihangaika na ganzi ya mguu kwa wiki kadhaa kwa sababu ya fundo la kitambaa.

Bila kushusha vidole, pandisha kifundo cha mguu huo juu ya goti la pili. Kati ya kichwa cha fibula na mfupa wa paja utasikia kitu chembamba, kigumu, cha mviringo. Hiyo ni kano ya pembeni ya nje. Ya upande wa ndani ni pana na bapa, haishikiki kirahisi hivyo, na imeshikana na gegedu lililo ndani ya goti. Ndiyo maana pigo kutoka upande wa nje, linaloliegemeza goti kwa ndani, huweza kuharibu vitu viwili kwa mpigo mmoja.

Usivyoweza kushika

Nyonga hushikiliwa na mifupa yenyewe: kichwa cha mviringo kimeingia ndani ya kikombe. Goti halina bahati hiyo. Ncha ya chini ya mfupa wa paja ina mabonge mawili ya mviringo, na juu ya muundi ni karibu tambarare. Viviringo viwili juu ya sakafu havitulii. Kinachovituliza ni vitu laini: kano, gegedu na misuli. Mtu akisema "goti langu ni mfupa, litapona lenyewe," hajui kuwa mfupa ndio sehemu ya goti inayopona vizuri kuliko nyingine.

Katikati kabisa kuna kano mbili zinazopishana msalaba. Ya mbele huzuia muundi usichomoke kwenda mbele, na husaidia kuzuia goti lisijipinde. Ya nyuma, iliyo nene na imara zaidi, huzuia muundi usisukumwe nyuma. Kano ya mbele ikikatika yote, mara nyingi haijiungi yenyewe.

Juu ya sakafu ya muundi zimelala gegedu mbili zenye umbo la mwezi mwandamo, moja ndani, moja nje. Madaktari huziita meniska. Kingo zao za nje ni nene, za ndani nyembamba, na hivyo hutengeneza kitako kwa yale mabonge ya paja. Mguu ukiwa umenyooka, meniska hupokea karibu nusu ya uzito unaopita kwenye goti. Goti likikunjwa pembe ya mraba, huweza kupokea hadi asilimia 85. Damu hufika ukingo wa nje tu. Ufa ukiwa hapo unaweza kupona, ukiwa sehemu ya ndani isiyo na damu, hauponi wenyewe. Zamani madaktari waliziondoa meniska zilizochanika bila kusita. Wagonjwa wao walirudi baada ya miaka wakiwa na magoti yaliyosagika, na leo daktari mzuri huokoa kila kipande anachoweza kuokoa.

Ncha za mifupa zenyewe, pamoja na mgongo wa pia, zimefunikwa na gegedu nyingine, nyeupe na laini. Ile ya nyuma ya pia ndiyo nene kuliko zote mwilini, hadi milimita 5 na zaidi. Gegedu hili halina damu wala mishipa ya fahamu. Ndiyo maana huweza kulika kwa miaka bila kuuma, na maumivu yakianza, ujue mfupa ulio chini yake au utando wa goti umeshaguswa. Chakula chake ni uteute. Ukitembea, gegedu hubanwa na kuachiwa, hunywa na kutema uteute. Goti lisilotembezwa huwa na gegedu lenye njaa.

Na huo uteute, katika goti zima lisilo na ugonjwa, haufiki hata kijiko kimoja cha chai. Nimewasikia wengi, kuanzia stendi mpaka kanisani, wakisema "maji ya magoti yameisha" na kushauriana kunywa maji ya bamia asubuhi kabla ya kula. Bamia ni mboga nzuri, iendelee kupikwa. Lakini mlenda wake ukifika tumboni humeng'enywa kama chakula kingine; hauna njia ya kwenda kuwa uteute wa goti. Uteute hutengenezwa na utando wa ndani wa goti lenyewe, na goti bovu aghalabu lina maji mengi kupita kiasi, si machache. Hicho ndicho kilicholivimbisha.

Jaribio moja la mwisho kabla hujasimama kwenda zako. Simama wima, legea, uache magoti yanyooke kabisa, kisha papasa pia. Inateleza tena, ingawa umesimama! Katika kunyooka kwa mwisho, mfupa wa paja hujizungusha kidogo kwa ndani na goti hujifunga, misuli ya paja ikapumzika. Kwa njia hiyo mtu huweza kusimama foleni ya uhamiaji asubuhi nzima. Msuli mdogo ulio nyuma ya goti ndio hulifungua unapoanza kupiga hatua.

Kila kazi na jeraha lake

Nianze na baiskeli, kwa sababu Kyela ni nchi tambarare na baiskeli ndiyo miguu ya wengi. Mwendesha baiskeli huumia zaidi mbele ya goti, nyuma ya pia, na kosa kubwa ni siti iliyoshushwa mno. Siti ikiwa chini, goti hukunjwa sana kila mzunguko, na kadiri linavyokunjwa chini ya mzigo ndivyo pia inavyogandamizwa kwenye mfupa wa paja. Pima hivi: kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke barabara bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litabaki na mkunjo mdogo, na huo ndio unaotakiwa. Najua anayebeba gunia kwenye keria hupenda siti ya chini ili miguu yote iguse ardhi akisimama ghafla. Basi ashuke na kusukuma wakati wa kuanza safari, apande baiskeli ikiwa imeshatembea. Kuondoka kutoka kusimama, ukiwa na mzigo, ndiko kunakoligandamiza goti kuliko mwendo wenyewe.

Mpakiaji hasumbuliwi sana na uzito, kinachomuumiza ni kugeuka. Amebeba lumbesa mabegani, unyayo umekanyaga palipo imara, kisha anazungusha kiwiliwili kuelekea lori. Muundi umebaki, paja limegeuka, meniska imenaswa katikati ikiwa imebanwa na uzito wa watu wawili. Ushauri ni mfupi: geuza nyayo kwanza, mwili ufuate. Na usinyanyue gunia kutoka kuchuchumaa kabisa. Weka magunia juu ya kitu kinachofika magotini, au mnyanyue wawili.

Tope la mpunga hufanya jambo lile lile bila gunia. Kati ya kupandikiza na kupalilia, mguu hushikwa na tope zito, mama anageuka kuongea na mwenzake au kufuata mstari, unyayo haufuati. Maumivu huja kwenye mstari wa goti, mara nyingi wa ndani, na goti huvimba kesho yake. Chomoa mguu kwanza, ndipo ugeuke. Kama kazi ni ya siku nzima, simama unyooke kila baada ya mistari michache. Kuinama kwa saa nyingi huchosha misuli ya paja, na msuli uliochoka haulindi goti.

Kupiga magoti kuna jeraha lake pia. Kati ya ngozi na pia kuna kifuko chembamba chenye majimaji kidogo, kinachoruhusu ngozi kuteleza juu ya mfupa. Mwenye kusugua sakafu, fundi wa vigae, na mcha Mungu wa sala ndefu hukichokoza mpaka kinavimba mbele ya pia, uvimbe laini unaokaa juu ya mfupa na usioingia ndani ya goti. Weka kitambaa kilichokunjwa au kipande cha godoro chini ya magoti, nacho hutulia. Huku kwetu mwanamke bado hupiga goti kumsalimu mzee, na hiyo haidhuru goti zima. Mwenye magoti mabovu ainamishe kichwa tu. Mzee mwenye busara ataelewa.

Kuhusu mpira na bodaboda nitasema machache, kwa sababu majeraha yake ni ya hospitali zaidi ya nyumbani. Mchezaji aliyekuwa akikimbia, akasimama ghafla au kugeuka bila kuguswa na mtu, akasikia "pa!" ndani ya goti, na goti likavimba ndani ya saa mbili, huenda amekata kano ya mbele ya msalaba. Uvimbe wa haraka namna hiyo ni damu. Uvimbe unaokuja polepole mpaka kesho yake mara nyingi ni maji, na meniska ndiyo ya kushukiwa. Andika saa, daktari atakuuliza. Kwenye ajali ya pikipiki, goti likiwa limepinda au kuchomoka, angalia unyayo kabla ya kuangalia goti. Mshipa mkubwa wa damu hupita nyuma ya goti, umefungwa karibu na mfupa, na goti likichomoka huweza kuchanika. Unyayo wa baridi, uliopauka au usio na hisia ni dharura ya saa chache. Hata kama goti limerudi lenyewe mahali pake, mgonjwa aende hospitali usiku huo huo.

Siku mbili za kwanza

Goti lililoumia likiwa bado na moto wake halitaki maji ya moto, halitaki kuchuliwa wala kuvutwa. Kuchua siku ya kwanza huongeza damu inayovuja ndani. Lipumzishe, lifunge kwa bandeji ya kuvutika bila kulibana, liinue juu ya mito liwe juu ya usawa wa moyo, na uweke baridi kwa dakika 15 hadi 20 mara kadhaa kwa siku. Barafu ya wauza samaki inafaa, au chupa ya maji iliyogandishwa, lakini iviringishwe kwenye kitambaa isiunguze ngozi. Baada ya siku mbili au tatu anza kulikunja na kulinyoosha taratibu.

Kuna kanuni nzuri iliyotungwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, miaka ya 1990, ya kuamua ni goti gani lililoumia linahitaji eksirei. Unaweza kuitumia hapa hapa nyumbani kuamua kama upande gari kwenda hospitali ya wilaya. Nenda ukapigwe picha kama mwenye goti ana miaka 55 au zaidi. Kama ukibonyeza pia peke yake anaruka kwa maumivu. Kama kichwa cha fibula kinauma kikibonyezwa. Kama hawezi kukunja goti hadi pembe ya mraba. Au kama hakuweza kupiga hatua nne, hata za kuchechemea, pale alipoumia na hawezi mpaka sasa. Mimi huongeza jambo moja: mlaze chali umwambie anyanyue mguu ukiwa umenyooka. Akishindwa kabisa kuutoa kitandani, huenda pia imevunjika au kano ya juu au chini yake imekatika, na hiyo hutengenezwa mapema.

Halafu kuna goti lisiloumizwa na chochote lakini limevimba, ni la moto, haligusiki, na mwenyewe ana homa. Hili ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Bakteria ndani ya goti huweza kula gegedu kwa siku chache. Usingoje Jumatatu, usinunue vidonge vya kuua vijidudu dukani, usikubali chale juu yake. Linahitaji kuchomwa sindano ya kutoa maji, kupimwa na mara nyingi kusafishwa hospitalini. Mtoto mwenye selimundu apelekwe haraka zaidi, kwani mifupa yake hushambuliwa kirahisi. Na mtoto anayechechemea akilalamikia goti, lakini goti lenyewe halina uvimbe na halina kasoro, mpapase nyonga. Maumivu ya nyonga hupenda kujitokeza gotini.

Kwa kuwa nimetaja watoto: matege kwa mtoto wa chini ya miaka 2, na magoti yanayogongana akiwa na miaka 3 au 4, ni hatua za kawaida za kukua. Mengi hunyooka kufikia miaka 7. Mguu mmoja ukiwa tofauti na mwingine, au matege yakizidi badala ya kupungua, hapo mpeleke.

Goti la mtu mzima

Goti linalouma jioni baada ya kazi, linalokaza asubuhi kwa dakika chache kisha likalegea, linalogwaruza wakati wa kuinuka kigodani, kwa mtu wa miaka 50 na kuendelea, mara nyingi gegedu limelika. Wanawake huathirika zaidi, hasa baada ya hedhi kukoma. Likikaza asubuhi kwa zaidi ya saa nzima, na vidole vya mikono navyo vimevimba, fikiria baridi yabisi ya kweli, ambayo ina dawa zake. Likija ghafla usiku, jekundu, baada ya nyama na pombe nyingi, huenda ni jongo, hasa kama kidole gumba cha mguu kimewahi kufanya vivyo hivyo.

Gegedu lililolika halirudi. Nalisema wazi kwa sababu kuna makopo ya virutubisho yanauzwa kwa bei ya gunia la mchele wa Kyela, na muuzaji huahidi goti jipya. Yanayosaidia kweli ni ya bei ndogo na yanachosha. La kwanza ni uzito: kwa kila kilo unayopunguza mwilini, goti hupunguziwa mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua. Kilo 5 tu, na goti limetua kilo 20. La pili ni paja. Kaa, weka taulo iliyoviringishwa chini ya goti, ikandamize kwa kukaza paja, hesabu mpaka 5, legeza. Mara 10, asubuhi na jioni. Ukizoea, kaa kwenye kiti kirefu, inuka bila kushika kitu, kaa tena polepole. Kiti kikikuuma, ongeza mto kiwe kirefu zaidi. Maumivu kidogo wakati wa zoezi hayadhuru. Yakikesha nawe mpaka kesho, punguza.

La tatu ni kupunguza kuchuchumaa. Fundi seremala yeyote wa Ipinda atakutengenezea kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo cha shimo, na nadhani hakuna dawa inayowafariji wazee kuliko hicho. Fimbo ishikwe mkono ulio upande wa goti zima, si upande wa goti bovu. Wengi hukosea hapa. Ukienda Tukuyu, ambako ardhi imepanda zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa ziwa letu, kumbuka kushuka mlima ndiko kunakoumiza, si kupanda. Shuka kwa hatua fupi.

Wa Matema na Itungi wana bahati ya maji. Kutembea ziwani maji yakiwa usawa wa kiuno huondoa karibu nusu ya uzito wako, na goti lisilovumilia barabara huvumilia humo. Ila chagua ufuo wa mchanga ulio wazi, mbali na midomo ya mito wanakokaa mamba na mbali na majani, maana kichocho kipo ziwani. Waulize wavuvi, wanajua pa kuingia.

Dawa: parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6 hadi 8, visizidi 8 kwa siku, mnywaji wa pombe na mwenye ugonjwa wa ini wamuulize daktari kwanza. Jeli ya diklofenaki ya kupaka inasaidia goti, na madhara yake ni madogo kuliko ya vidonge vyake. Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni vikiliwa kila siku huweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha. Na unga "wa asili" unaoponya magoti siku hiyo hiyo, ukae nao mbali. Katika nchi mbalimbali dawa za namna hiyo zimepimwa zikakutwa zimechanganywa na steroidi au diklofenaki bila kuandikwa.

Kwenda kwa mtaalamu

Mlolongo wa kawaida unaanzia zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Wilaya Kyela mjini; walioko upande wa ziwa wana Hospitali ya Matema ya Kanisa la Kilutheri. Anayehitaji daktari bingwa wa mifupa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na juu yake ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ambako hufanyika upasuaji wa kuingiza kamera ndani ya goti na wa kubadilisha goti zima. Goti bandia ni kwa ajili ya maumivu yanayomnyima mtu usingizi na kutembea baada ya hayo mengine yote kujaribiwa. Si kwa goti linalogwaruza tu.

Ukifika, usianze na historia ya magoti ya ukoo. Onyesha kwa kidole kimoja: mstari wa goti, pia, kinundu, kichwa cha fibula au nyuma. Sema lilianza siku gani na ulikuwa unafanya nini. Sema kama lilivimba, na lilivimba baada ya saa ngapi. Sema kama hujikwama katikati bila kunyooka, maana hilo huashiria kipande cha meniska kilichonaswa, au kama huachia ghafla ukishuka ngazi, jambo linaloelekeza kwenye kano au paja dhaifu. Taja kila dawa uliyotumia, hata ya mganga; daktari hayupo hapo kukuhukumu. Kwa goti la kusagika, omba picha ipigwe ukiwa umesimama, kwani ukilala mifupa huachana na nafasi huonekana pana kuliko ilivyo. Eksirei haionyeshi kano wala meniska. Ikisemwa "picha haina shida" na goti bado linaachia, uliza hatua inayofuata.

Safari ya Mbeya ni zaidi ya kilomita 100 za kupanda, na goti lililokunjwa kwenye basi njia nzima hushuka likiwa limekaza. Omba siti ya njiani ili uunyooshe mguu, ushuke Tukuyu upige hatua chache. Picha za zamani zibebe zote, zikiwa bapa ndani ya bahasha yake, usizikunje wala kuziweka juani. Bingwa atataka kuiweka ya mwaka jana na ya leo pamoja kwenye taa moja.